Shangazi, mwanangu aliigiza kazi yangu nikasikia maneno yangu mwenyewe

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu niko huku Kigoma, Kibirizi, nafanya biashara ya dagaa, asubuhi boti zikiingia nanunua pale mwaloni, naanika, zikikauka nauza kwa watu wanaopeleka Dar na wengine wanavusha Congo. Nilianza na mabeseni mawili tena ya kukopa, sahivi nina chanja zangu na kina mama tisa wananifanyia kazi ya kuanika kugeuza na kuchambua. Sisemi ili nijisifu, nataka uelewe hii kazi ndo imejenga nyumba na ndo inalipa ada, hata lile ziwa lilipofungwa miezi mitatu mwaka 2024 tulikula akiba yake.

Sasa shangazi kuna kitu kimenitokea sijamwambia mtu. Kama wiki tatu zilizopita nimerudi jioni nimechoka nikajilaza chumbani dirisha liko wazi, uani watoto wanacheza, huyu wangu wa mwisho ana miaka mitano, watoto wawili wa jirani, na mjukuu wa mmoja wa wale kina mama zangu. Wamechukua kipande cha neti ya zamani wakamwaga mchanga juu wanaugeuza na vijiti, nikajua hapo ni dagaa zinaanikwa. Binti wa jirani ana kama miaka saba kajifunga khanga kiunoni kashika kigae sikioni ndo simu, anatembea huku na huku "haya geuzeni huko mnalala?" Nikacheka mwenyewe kitandani maana yule alikuwa mimi mtupu.

Afu nikamsikia mwanangu. Nikanyanyuka nichungulie, kajifunga chupa ya maji mgongoni na kitambaa kama mama kabeba mtoto, anatembea pole pole kainamisha kichwa, anamwambia yule binti "bosi mtoto wangu ana homa naomba nimpeleke zahanati". Yule binti akakwama hajui ajibu nini. Mwanangu akatoka kwenye ile sauti ya mama akamwambia kwa sauti yake ya kawaida kabisa, "sema mimi siyo zahanati". Binti akasema, "mimi siyo zahanati, geuza dagaa". Mwanangu akajibu sawa bosi, akarudi kwenye mchanga akawa anageuza, halafu akapeleka mkono nyuma akaipigapiga ile chupa taratibu akaiambia "nyamaza tu, tutaenda jioni".

Shangazi hayo maneno ni ya kwangu. Nilimwambia hivyo mama mmoja kipindi cha mvua, dagaa zilikuwa zimenyeshewa siku mbili, mteja ananipigia kila dakika, yeye akaja na habari ya homa ya mtoto nikamjibu vile mbele ya wenzake wote. Mwanangu alikuwa pale amekaa kwenye gunia anakula mhogo, mi nikajua hata hasikilizi. Yule mama alikaa mpaka jioni akaondoka, kesho yake akaja kazini kama kawaida, mtoto alipona, hajawahi kuliongelea.

Nilichofanya baada ya pale ndo kinaniuma zaidi. Nilitoka nikawafokea, nikakusanya ile neti nikatupa, watoto wa jirani nikawafukuza, wangu nikamwambia sitaki tena kukuona unacheza mambo ya watu wazima. Baba yake akafurahi kwa sababu yeye siku zote anasema mtoto anapoteza muda kwenye mchanga, apelekwe tuisheni wenzake wanajua kusoma Kiingereza.

Lingine ni hukohuko kazini. Juzijuzi nilienda benki mjini, huku nyuma ikaja mvua. Kina mama wote tisa wamesimama kwenye kibanda wanaangalia dagaa za mabeseni kumi na nne zinalowa na turubai liko palepale limekunjwa. Narudi nauliza mbona hamkufunika, mmoja akasema "bosi hukusema tufunike, na siku ile tulifunika ukasema tumezivundisha". Nikawakata elfu tano tano kila mmoja. Tangu siku hiyo nikifika mwaloni maongezi yanakatika, kimyaaa.

Binti yangu mkubwa yuko sekondari alinionyesha kwenye simu kuna maswali unajibu inakwambia wewe ni kiongozi wa aina gani. Nikajibu ikasema mimi ni kiongozi mwenye maono. Nikafurahi, ila yule binti akaniangalia tu akanyamaza.

Naomba uniambie shangazi, mimi ni kiongozi wa namna gani hasa? Na huu mchezo wa mwanangu ni dharau au ni nini, nilikosea kumkataza?

Mama wa Kibirizi

* * *

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Nakujibu kutoka Tabora ila Kibirizi naijua, nimefundisha huko Ujiji miaka ya nyuma kabla sijahamishiwa huku, najua asubuhi ya mwaloni ilivyo, boti zimeingia kwa pamoja, kila mtu anapiga kelele, jua likichelewa hasara ni yako peke yako hakuna wa kukufidia. Kwahiyo sikujibu kama mtu ambaye hajui presha ya dagaa mbichi.

Naanza na mtoto. Hakudharau. Angalia mwenyewe ulichoniandikia, mtoto anayetaka kumdharau bosi anachukua nafasi ya bosi anaikuza, anatoa macho, anatembea kwa madaha wenzake wacheke. Mwanao nafasi ya bosi kamwachia mwingine, na yule mwingine alipokwama akamfundisha mstari wake ili mchezo uendelee, kwa sababu yeye alikuwa anataka kuwa yule mama. Alimwona siku ile akiwa amekaa kwenye gunia lake, akaona kitu ambacho hakukielewa, mtu mzima kaomba kitu kwa upole kakataliwa kisha kanyamaza, na mtoto wa miaka mitano hana njia ya kukaa chini na kulifikiria jambo kama hilo kichwani kama sisi. Yeye analifikiria kwa mikono na miguu, anavaa chupa mgongoni anaenda kusimama pale aliposimama yule mama aone pakoje.

Na ile "nyamaza tu, tutaenda jioni" mwanangu, mimi hapo ndo niliposimama kusoma nikaenda kunywa maji. Hayo hayakuwa maneno yako. Inawezekana aliyasikia, yule mama aliyasema kwa sauti ndogo ulipogeuka. Inawezekana hakuyasikia popote, kayatunga mwenyewe kwa kujiuliza mama mwenye mtoto mgonjwa aliyenyimwa ruhusa atamwambia nini mtoto wake. Vyovyote vile mwanao alifika mahali ambapo wewe uliyekuwa umesimama hatua tatu kutoka pale hukufika.

Nimefundisha darasa la awali miaka mingi na kona niliyokuwa naipenda kuliko zote ni ile ya kuigiza, tulikuwa na sufuria mbovu, kanga kuukuu, kiti kimoja kibovu kinakuwa basi kinakuwa kitanda cha hospitali. Watu wazima wakipita wanaona watoto wanapoteza muda. Kaa usikilize. Kabla mchezo haujaanza kuna kikao kizima, "wewe uwe baba, mi niwe mama", "hapana jana ulikuwa mama leo niachie", "basi yeye awe mgonjwa", "mi sitaki kuwa mgonjwa tena". Hapo mtoto asipojua mwenzie anataka nini mchezo unavunjika na atabaki peke yake na sufuria yake, kwahiyo analazimika kujua. Na ukishaanza anabeba vitu viwili kwa wakati mmoja, anajua huu ni mchanga na anajua kwetu sasa hivi ni dagaa, anajua mimi ni Juma na sasa hivi ni mama mwenye mtoto mgonjwa. Ule ujuzi wa kushika la kwako na la mwenzio bila kuyachanganya ndo ujuzi huohuo wa kujua kwamba ninachokiona mimi mwenzangu anaweza asikione.

Wataalamu wamehangaika na hili jambo muda mrefu. Yupo Mswisi mmoja Jean Piaget, yeye na mwenzake Bärbel Inhelder walitengeneza mfano wa milima mitatu mezani, wanamkalisha mtoto upande mmoja na mwanasesere upande mwingine, wanamuuliza yule mwanasesere anaona nini. Wadogo wengi wakawa wanachagua picha ya kile wanachokiona wao wenyewe. Ikasemwa basi mtoto mdogo hawezi kuona kwa jicho la mwingine. Baadaye mwaka 1975 Martin Hughes akabadilisha zoezi, badala ya milima akaleta polisi wa kuchezea, mwanasesere na kuta, akawaambia watoto mficheni huyu mwanasesere, polisi wasimwone, na watoto wa miaka mitatu na nusu mpaka mitano wengi sana wakaweza, hata polisi walipokuwa wawili wanaoangalia pande tofauti. Kilichobadilika ni kwamba mara hii swali lilikuwa na maana kwao, mtu anajificha, mtu anatafuta. Mimi nikisoma hayo nawaza kombolela tu. Mtoto wa miaka miwili anaziba macho anadhani amejificha, kaka yake wa miaka sita anajua kivuli chake kinatokeza nyuma ya mti anakivuta. Hakuna mwalimu aliyemfundisha, ni kukamatwa mara nyingi.

Kuna zoezi lingine la Heinz Wimmer na Josef Perner, la mwaka 1983, nakuletea hili makusudi maana nitalirudia. Mtoto kwenye hadithi kaweka chokoleti yake kabati fulani akatoka kwenda kucheza. Huku nyuma mama yake kaihamishia kabati jingine. Mtoto akirudi ataitafuta wapi? Watoto wa miaka mitatu wanakwambia ataenda kule ilipo sasa hivi, kwa sababu wao wanajua ilipo basi wanadhani kila mtu anajua. Kuanzia miaka minne na kuendelea wengi wanaanza kukujibu, ataenda kule alipoiacha, hajui kama imehamishwa. Shika hiyo.

Ila nisikudanganye kwamba mchezo ni dawa ya kila kitu. Mwaka 2013 Angeline Lillard na wenzake walipitia tafiti nyingi za mchezo wa kuigiza wakasema ushahidi kwamba mchezo wenyewe peke yake ndo unaosababisha watoto waelewe wenzao bado hauna nguvu ya kutosha, inawezekana yanayosaidia ni mengi yanayokwenda pamoja nao, kama mazungumzo na mtu mzima aliyepo karibu. Mimi nakubaliana nalo, nimeona watoto wanaoigiza kutwa nzima na bado wanaumiza wenzao. Nyumba ambazo watu wanasema wazi "leo nimeumia" "yule alikasirika kwa sababu hivi" watoto wake wanawahi kuelewa wengine. Kwahiyo mchezo ule ulikuwa umefungua mlango, mwanao alikuwa tayari kwenye jambo lenyewe kabisa, na mtu mzima wa kuingia na kuliongea alikuwa wewe, ukaufunga. Ulikuwa na aibu, naelewa. Ila mtoto hajui habari ya aibu yako, yeye kajifunza tu kwamba ukimwigiza mtu aliyeumia mama anakasirika.

Kwahiyo ndiyo mwanangu, hapo ulikosea, na inarekebishika wiki hii hii. Nenda kwa jirani waombe watoto warudi. Neti nyingine haikosekani Kibirizi.

Kuhusu baba yake sitaongea sana. Mwambie hata mtaala wetu wa elimu ya awali wenyewe unataka watoto wa umri huo wajifunze kwa michezo, si kwamba mwalimu anavivia. Na muulize yeye alipokuwa mdogo magari ya waya alikuwa anatengeneza na nani, na nani alikuwa dereva na nani utingo, na ilikuwaje siku utingo alipokataa kuwa utingo. Muache aongee, wanaume wakianza hizo habari hawamalizi. Tuisheni inaweza kuja, saa moja, na mchanga ukabaki.

Sasa wewe.

Yale maswali ya kwenye simu yamekwambia una maono na sina shaka unayo, mtu aliyetoka mabeseni mawili ya mkopo mpaka chanja zake na watu tisa ana maono. Lakini aliyejibu ni wewe. Kila mtu akijibu kuhusu yeye mwenyewe anajibu kuhusu nia yake, na wale kina mama nia yako hawaioni, wanaona mdomo wako na mkono wako. Ungempa simu yule mama wa mtoto mwenye homa ajibu kwa ajili yako ungepata jibu lingine, na binti yako alinyamaza kwa sababu alilijua.

Kuna watu watatu huko Marekani, Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White, mwaka 1939 walitoa kazi yao ambayo mpaka leo watu wakiongelea staili za uongozi wanaanzia hapo. Waliwachukua wavulana wa miaka kumi wakawaweka kwenye vikundi vidogo vya watano watano wanatengeneza vinyago vya kuvaa usoni na kazi nyingine za mikono baada ya shule. Kiongozi wa kwanza anaamua kila kitu, nani afanye nini, hatua kwa hatua, hawajui kesho kutafanyika nini. Wa pili anakaa nao wanapanga pamoja, anasaidia, akisifia au akikosoa anatoa sababu. Wa tatu amewaachia tu, wakimuuliza anajibu, asipoulizwa amekaa. Kwa yule wa kwanza kazi ilikuwa inatoka nyingi tu, ila akitoka chumbani kazi inalegea, na watoto ama wamepoa kama wamemwagiwa maji ama wanageukiana wao kwa wao wanamchagua mmoja wa kumwonea. Kwa wa pili kiongozi akitoka kazi inaendelea karibu vilevile. Kwa wa tatu kazi ikawa kidogo na mbovu.

Wale walikuwa watoto wa Marekani na vinyago, hakuna aliyekuwa anadaiwa na mteja, usibebe kila kitu ukakileta mwaloni kama kilivyo. Ila lile la kiongozi akitoka chumbani, mwanangu, si ndo benki yako? Ulitoka mvua ikaja. Wao walikuwa na turubai, mikono kumi na minane, na akili za watu wanaoishi na dagaa tangu utotoni, wanajua mvua ya Kigoma inanusa vipi kabla haijafika. Wakasimama. Wewe umeniandikia hasara, hukuandika kwamba ni wavivu, nimekupenda kwa hilo, ila elfu tano ulizowakata zimelisema hilo neno.

Na sasa nakurudisha kwenye lile kabati. Wewe ukiwa benki kichwani kwako ilikuwa wazi kabisa, mvua ikija funikeni, nani asiyejua. Wao kichwani walikuwa na kitu kingine, mara ya mwisho tulifunika tukafokewa. Wewe chokoleti ulishaihamishia kabati la pili, wao hawakuwepo wakati unaihamisha, wakaitafuta kule walipoiacha. Halafu ukawaadhibu kwa kutojua kitu ambacho kilikuwa kichwani mwako tu.

Kwahiyo ukiniuliza wewe ni kiongozi wa namna gani nitakwambia kwa haya uliyoandika unaongoza kwa amri, na amri zako zinabadilika na presha ya siku. Hii ya pili ni mbaya kuliko ile ya kwanza. Amri peke yake siyo dhambi, mvua ikiwa inashuka huwezi kuitisha kikao, unapaza sauti turubai watu wanakimbia, na mtumbwi ukiyumba ziwani nahodha hapigi kura. Tatizo ni amri ya kutwa nzima, na siku moja kufunika ni kosa na siku nyingine kutofunika ni kosa, mtu mwenye akili akikaa kwenye hali hiyo anachagua kusimama kibandani maana huko angalau ana la kujitetea.

Usije ukasoma hapa ukaamua basi nawaachia kila kitu wajue wenyewe. Wengi wakishaambiwa ni wakali wanarukia huko, na yale makundi ya tatu uliona yalikoishia.

Kitu kinachonipa moyo kwenye ule utafiti huwa watu hawakitaji sana. Wale viongozi walikuwa watu wazima wanne wanazunguka, mtu huyohuyo kwenye kikundi hiki anaongoza kwa amri, akihamia kingine anaongoza kwa kushirikiana. Walikuwa wamefundishwa, ilikuwa ni nafasi wanaichukua. Yani kwa lugha ya uani kwako walikuwa wanaigiza. Kama mtu anaweza kuvaa staili na kuivua basi hukuzaliwa na hii yako, ulijifunza pale mwaloni kwa waliokutangulia, labda na wewe kuna bosi aliwahi kukujibu hivyo ukiwa na beseni kichwani.

Mimi yalinikuta. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja, sitaitaja, nikawa nadhani walimu wananiheshimu kwa sababu nikiingia ofisini wananyamaza. Miaka mitatu. Siku moja nimechelewa nikasimama nje ya mlango nikasikia wanavyoongea, wanacheka, wanapanga mitihani vizuri kabisa wenyewe, nikaingia ikazimika kama taa. Niliumia sana, kwa sababu nilijua ile ndo sauti ya shule yangu na mimi siijui. Wewe umepata kusikia kupitia dirishani mtoto akiwa na miaka mitano, mimi ilinichukua mpaka nakaribia kustaafu.

Sasa fanya hivi. Ile hela ya mvua warudishie kwanza, elfu arobaini na tano yote, kabla hujaitisha kikao chochote, maana ukiitisha kikao hela yao ikiwa mfukoni kwako hakuna atakayeongea ukweli. Halafu yule mama. Ulimwambia mbele ya watu, ukimwomba msamaha pembeni umelipa nusu ya deni, kwahiyo sema mbele ya walewale wanane, maneno machache, siku ile ulikuja na mtoto anaumwa nikakujibu vibaya, nisamehe. Usieleze habari ya mteja wala dagaa zilizolowa, ukieleza unaanza kujitetea. Usimtolee pesa palepale, atajiona kanunuliwa. Jioni nenda kwake msalimie mtoto kama unavyomwendea mtu.

Halafu subiri siku za mbalamwezi, boti hazitoki na kazi ni nyepesi, siku ya pili au ya tatu yake kaa nao chini kwenye majamvi, usikae kwenye kiti, uwaulize maswali mawili tu. Nikiwa sipo nani anaamua kufunika? Na mtu akiuguliwa tunafanyaje kazi isilale? Wewe ukae kimya. Ukimya wao wa kwanza utakuwa mrefu, watakuwa wanaangaliana, wanajaribu kujua jibu gani unalitaka, uvumilie usiujaze. Wakikubaliana kwamba mkubwa wao fulani ndo ataangalia mawingu, basi akifunika jua likawaka dagaa zikavunda kidogo hiyo hasara uibebe bila neno. Hiyo ndo siku watakayoamini. Ukifoka siku hiyo rudi mwanzo.

Na kila jioni kwa muda wa wiki moja kabla hujalala jiulize, leo walioniletea jambo nimewajibu kwa amri, kwa swali, au sikuwajibu? Andika kwenye kidaftari chako cha madeni hukohuko mistari miwili. Utajijua kuliko kwenye yale maswali ya simu.

Mwisho rudi kwa mwanao. Usimkalishe kumhoji kwa nini uliigiza vile, atadhani ana kesi. Watoto wakirudi na neti yao na mchanga wao toka nje ukae karibu, chambua mchicha au ufanye nini, usiombe nafasi. Watazoea. Siku watakayokwambia na wewe njoo ucheze, waulize mimi niwe nani, wakupe wao. Wakikupa bosi sema leo sitaki, nataka kuwa yule mama mwenye mtoto mgonjwa. Mwanao awe bosi. Jifunge chupa mgongoni, nenda mbele yake, sema mtoto wangu ana homa naomba nimpeleke zahanati. Usimnong'oneze la kujibu hata akikwama muda mrefu, simama hapohapo na chupa yako umsubiri.